Swichi ya leya 3 inakohoa VLAN kwa VLAN, CPU 97%: paketi zinapita wapi humo ndani?

BintiKebo · Jumatatu, saa 3:10 usiku

Wakuu habari za jioni, na wakubwa shikamooni.

Nimekwama, naomba msaada kabla mkuu wa chuo hajaniita ofisini mara ya tatu. Mimi ndiye fundi mtandao, peke yangu, wa chuo kimoja cha ufundi hapa Morogoro. Mwezi uliopita zilipatikana hela kidogo nikanunua swichi mbili za mtumba, Cisco Catalyst 3560G za poti 24. Moja nimeifunga kwenye raki iwe swichi kuu, ya pili iko stoo, boksi hata sijalifungua. Mipangilio ya mwenye nayo wa zamani niliifuta kwa `write erase`, nikaiwasha upya, nikaanza moja.

VLAN (mitandao midogo niliyoitenganisha ndani ya swichi hiyohiyo) ni tano: 10 ofisi, 20 maabara za kompyuta, 30 seva, 40 wifi ya wanafunzi, 99 kwenda kwenye ruta ya intaneti. Kila VLAN ina anwani yake kwenye swichi, yaani 10.20.10.1, 10.20.20.1 na kuendelea. `ip routing`, ile amri ya kuvusha paketi kati ya VLAN, nimeweka. Mashine za waya ni kama 190, simu za wanafunzi sizihesabu.

Shida yenyewe. Kompyuta mbili za VLAN moja zikipeana faili, linakimbia MB 110 kwa sekunde. Faili lilelile likitoka seva ya VLAN 30 kwenda maabara ya VLAN 20, nikibahatika napata MB 3. Ping ya 10.20.20.1 inaruka kutoka 2 ms mpaka 240 ms. Nikiingia kwa SSH, naandika herufi halafu naisubiri itokee kama nasubiri daladala ya Mzumbe saa nane mchana.

`show processes cpu sorted` inanipa 97%/58% kwa sekunde tano, na wa kwanza kwenye orodha ni IP Input.

Ninachotaka kuelewa ni hiki: kila mahali nasoma kwamba swichi ya leya 3 (ile inayovusha paketi kwa anwani za IP) inapitisha paketi kwa chipu, si kwa CPU, ndiyo maana ina kasi kuliko ruta. Sasa kama kazi inafanywa na chipu, CPU inachoka na nini?

Natanguliza shukrani.

---

Ras_Kebo · Jumatatu, saa 3:42 usiku

Pole sana dada. Hapo ni mawili, aidha maabara zina virusi vinavyomwaga takataka kwenye mtandao, au umeuziwa swichi iliyochoka. Mtumba ni mtumba. Ushauri wangu, kusanya kama milioni mbili hivi ununue ruta ya maana, swichi iachie kazi za swichi. Leya 3 ni kazi ya ruta toka enzi na enzi.

---

FundiMstaafu · Jumatatu, saa 5:05 usiku

BintiKebo, marahaba mwanangu. Usinunue ruta, na wala usiitukane hiyo swichi bado. Ninayo kama hiyo hapa nyumbani Tanga, mke wangu ameiwekea redio juu yake, na nikiihitaji naitoa redio naiwasha. Hazichoki kirahisi.

Swali lako la mwisho ndilo lenye jibu, kwa hiyo nitaliandikia marefu. Chukua chai.

Anza na hesabu. Fremu ndogo kabisa ya Ethernet ni baiti 64. Ongeza baiti 8 za utangulizi, ongeza nafasi ya baiti 12 inayoachwa kati ya fremu na fremu, unapata 84, yaani biti 672. Gawanya gigabiti 1 kwa 672: fremu 1,488,095 kwa sekunde, poti moja. Poti zako 24 zikijaa zote ni fremu milioni 35.7 kwa sekunde. Maana yake swichi ina nanosekunde 28 za kuamua kila fremu inakwenda wapi. Hata ungeipa CPU ya GHz 1, hayo ni mapigo 28 ya saa, na katika mapigo 28 CPU haijamaliza hata kuvuta kichwa cha paketi kutoka kwenye kumbukumbu. Kwa hiyo waliotengeneza hizi swichi hawakuchagua chipu kwa kupenda, hawakuwa na njia nyingine.

Sasa tuifuate paketi moja. Kompyuta ya maabara, 10.20.20.45, inataka kitu kwa seva 10.20.30.12. Inaona seva si ya mtaa wake, kwa hiyo kwa nje ya fremu inaandika MAC (anwani ya kadi ya mtandao) ya swichi (ile ya 10.20.20.1), kwa ndani inaacha IP ya seva. Fremu inaingia, tuseme poti ya 7. Kitu cha kwanza, mzigo wake wote unalazwa kwenye bafa na hauguswi tena mpaka saa ya kutoka. Kinachozungushwa humo ndani ni kichwa tu.

Chipu inauliza: MAC ya mpokeaji ni yangu? Kama si yangu, hiyo ni kazi ya leya 2 (kupitisha ndani ya VLAN hiyohiyo), inatazama jedwali la MAC, inapata poti, imekwisha. Ndiyo maana faili zako za ndani ya VLAN moja zinakimbia. Kama ni yangu, basi paketi imeletwa ili ivushwe, na kichwa kilekile kinaulizwa kwa mpigo kwenye jedwali la njia, jedwali la ACL (nani aruhusiwe, nani azuiwe) na jedwali la QoS (nani atangulie). Kwa mpigo, hakuna foleni. Kwa sababu hiyo ACL ya mistari 5 na ya mistari 300 kasi yake ni moja, almuradi mistari yote imeenea kwenye chipu. Hilo neno "almuradi imeenea" lishike, tutalirudia.

Jedwali la MAC ni rahisi, linatafuta kinacholingana biti kwa biti, 0 au 1. Njia za IP haziwezi kutafutwa hivyo, maana 10.20.30.0/24 ni biti 24 zinazojulikana na 8 za "vyovyote vile". Hapo ndipo TCAM inapoingia. Kila kijichumba chake kinashika hali tatu: 0, 1, au sijali. Njia ya jumla ya 0.0.0.0/0 ni "sijali" 32 zimepangwa mstari.

Uliwahi kuwa monita darasani? Mwalimu akiingia akauliza "nani anatoka Korogwe?" hapiti dawati kwa dawati. Anauliza mara moja, wote wanaohusika wananyoosha mkono pamoja, na yeye anamchagua aliyekaa mbele zaidi. TCAM iko hivyo. Swali linafika kwenye mistari yote kwa wakati mmoja, na mistari imepangwa maski ndefu mbele, fupi nyuma. 10.20.30.12/32 akinyoosha, na 10.20.30.0/24 akinyoosha, na 0.0.0.0/0 naye akinyoosha (huyu hunyoosha kwa kila swali), anachukuliwa wa mbele, yule wa biti nyingi. Ubaya wake ni kwamba darasa zima linaamka kwa kila swali, umeme unaliwa na joto linapanda, na viti ni ghali. Kwa hiyo viti huwa vichache na vimehesabiwa.

Aliyechaguliwa anaonyesha mstari mwingine, wenye poti ya kutokea, VLAN na MAC ya seva. Mlangoni fremu inaandikwa upya: MAC ya mpokeaji inakuwa ya seva, MAC ya mtumaji inakuwa ya swichi, TTL (mivuko iliyobakia kabla paketi haijatupwa) inapungua moja, tuseme 128 iwe 127, na hesabu ya ukaguzi ya kichwa cha IP inarekebishwa. Hii ya mwisho naipenda. Chipu haijumlishi kichwa kizima upya. TTL iko kwenye baiti ya juu ya neno lake la biti 16, hivyo ikishuka moja, hesabu inapanda 0100 kwa heksi. Ilikuwa 3C1A, inatoka 3D1A. Kisha CRC mpya (hesabu ya ukaguzi ya fremu nzima) mkiani, mzigo unatolewa kwenye bafa, na paketi imeondoka. CPU haikujua kama ilipita.

Sasa hayo majedwali nani ameyaandika? CPU. Yeye ndiye anayeuliza ARP ("mwenye IP hii, MAC yako ni ipi?"), ndiye anayesoma mipangilio yako na kujua njia, halafu anayateremsha kwenye chipu. Akishayateremsha hana kazi na paketi zako.

Zinazompandia ni chache: zilizoandikiwa swichi yenyewe, ARP, zilizoishiwa TTL, zenye machaguo ya IP kichwani, zilizogonga mstari wa ACL wenye neno `log`, zinazokwenda kwa mashine ambayo MAC yake haijajulikana. Na zile ambazo njia yake haikupata kiti kwenye chipu. Hizo hazitupwi, zinapandishwa kwa CPU azivushe kwa mkono, moja moja.

Kwenye 97%/58% yako, 97 ni kazi yote, 58 ni muda unaoliwa na kukatizwa, na kwenye swichi za familia hii kukatizwa karibu kote ni paketi zinazogonga mlango wa CPU. Mimi ile ya pili ikivuka 10 naanza kutafuta. Yako 58. Kuna wageni wengi juu huko ambao hawakualikwa.

Halafu acha kupima kwa ping ya 10.20.20.1. Ile anajibu CPU mwenyewe. Unapima uchovu wake, hupimi njia. Piga ping mashine iliyo upande wa pili.

Nitumie hivi vitatu:
`show sdm prefer`
`show platform tcam utilization`
`show run | include ip route`

Ras_Kebo, virusi vinawezekana, lakini tusimnunulishe mtu ruta kabla ya kufungua boneti.

---

Ras_Kebo · Jumanne, saa 1:20 asubuhi

Mzee nimesoma nimeelewa, heshima yako. Ila mimi nilifundishwa tofauti, kwamba paketi ya kwanza ya mazungumzo inaenda CPU, inatafutiwa njia, majibu yanawekwa kwenye keshi, zinazofuata ndizo zinazopita kwa chipu. Tafuta mara moja, pitisha mara nyingi. Au nimesahau?

---

FundiMstaafu · Jumanne, saa 2:00 asubuhi

Hujasahau, umefundishwa ya zamani. Swichi za kwanza za leya 3 zilifanya hivyo, na siku za kawaida ilitosha. Julai 2001 akaja yule mnyoo Code Red, akashika kompyuta zaidi ya 359,000 kwa muda usiofika saa 14, na kila moja inapiga hodi kwa anwani za kubahatisha. Kila hodi ni anwani mpya, kila anwani mpya ni "paketi ya kwanza", keshi zikajaa na CPU zikalala chali, hata kwa watu ambao hawakuwa na mashine moja iliyoambukizwa. Njia niliyoieleza jana, ya kuteremsha jedwali lote mapema kabla hata paketi haijaja, Cisco wanaiita CEF. Haijali kama ni paketi ya kwanza au ya milioni.

Kilichobaki cha "paketi ya kwanza" ni ARP. Mashine ambayo haijaongea siku nzima, ping ya kwanza inapotea, za pili na tatu zinafika. Ile ya kwanza imempandia CPU, akaitumia kuuliza MAC ni ipi, akaandika mstari, basi.

---

BintiKebo · Jumanne, saa 6:30 mchana

Mzee asante mno, nimeisoma mara tatu na ile ya Korogwe nimewasomea vijana wa mwaka wa pili.

Niko mbiombio maana maabara ina mtihani, nimewahi kuchukua cha kwanza tu. `show sdm prefer` inasema:

The current template is "desktop vlan" template.

MAC 12K, na mbele ya njia za IP imeandika 0. Hiyo sifuri ndiyo mbaya, siyo?

---

FundiMstaafu · Jumanne, saa 6:41 mchana

Ndiyo hiyo.

Chipu yako ina viti vya idadi moja tu, lakini inakuruhusu kuchagua utavigawaje. Mgao huo ndio templeti. Kwenye 3560 yako:

Mgao wa kawaida (`default`): MAC 6K, mashine zilizounganishwa moja kwa moja 6K, njia za mbali 2K.
Mgao wa `routing`: MAC 3K, mashine 3K, njia za mbali 8K, pamoja na viti vya kuelekeza paketi kwa sera.
Mgao wa `vlan`: MAC 12K. Njia, hakuna. Sifuri.

Aliyekuwa nayo aliitumia kama swichi ya leya 2 tupu, akavipeleka viti vyote kwenye MAC. Alifanya sawa kwa kazi yake. Wewe umeweka `ip routing` juu ya mgao huo, swichi ikakubali, ila chipu haina hata kiti kimoja cha kuandika 10.20.30.0/24. Kwa hiyo kila paketi inayovuka VLAN, kila moja, inapanda kwa CPU. Swichi yako imegeuka ruta ya CPU kidogo yenye poti 24. Hizo MB 3 ndizo nguvu zake zote, na ujue amejitahidi.

`write erase` haikuigusa kwa sababu templeti haikai kwenye mipangilio unayoifuta. Imehifadhiwa pembeni, na inafanya kazi kila swichi ikiwaka hata kama hukuhifadhi kitu. Wengi wameumwa na hilo.

Usiku watu wakiondoka:

`configure terminal`
`sdm prefer default`
`end`
`reload`

Bila kuiwasha upya haibadiliki. Na vile viwili vingine bado navisubiri.

---

BintiKebo · Jumatano, saa 2:15 asubuhi

WAKUU. 6%/0%. Faili la GB 8 kutoka seva kwenda maabara, MB 108 kwa sekunde, nimekaa nalitazama kama mechi. Nilifanya saa sita usiku, mlinzi alinishikia tochi maana umeme wa korido ulikuwa umekatika. Mzee Mungu akuweke.

---

Ras_Kebo · Jumatano, saa 2:50 asubuhi

Nimefuta kauli ya ruta 😂

---

BintiKebo · Jumatano, saa 8:20 mchana

Mzee, nimefurahi mapema.

Mpaka saa nne asubuhi ilikuwa nzuri. Saa sita ikafika 35%. Sasa hivi 81%/44%. Seva kwa maabara bado inakimbia, hiyo haijabadilika, ila intaneti inasuasua, kurasa zingine zinafunguka hapohapo, zingine zinazunguka. Nimeiangalia templeti, ni default kweli. Hivi ni virusi sasa?

---

FundiMstaafu · Jumatano, saa 8:33 mchana

Vile viwili vyangu viko wapi?

---

BintiKebo · Jumatano, saa 8:47 mchana

Samahani mzee. Hivi hapa.

`show platform tcam utilization`, mstari wa mashine zilizounganishwa moja kwa moja:
uwezo 784/6272, zilizotumika 784/6272.

Mistari mingine iko chini sana.

`show run | include ip route`:
ip route 0.0.0.0 0.0.0.0 Vlan99

Nashangaa hiyo 6272, mimi sina mashine 6,000. Na simu zote za wanafunzi nikijumlisha hatufiki hata 700.

---

FundiMstaafu · Jumatano, saa 9:02 alasiri

Sasa piga `show ip arp vlan 99` uniambie unaona nini.

---

BintiKebo · Jumatano, saa 9:06 alasiri

Inateremka haiishi. 142.250 kitu, 157.240 kitu, 104 kitu... anwani za intaneti! Na zote zina MAC moja, ile inayoishia 3f41. Hiyo MAC ni ya ruta yetu.

---

FundiMstaafu · Jumatano, saa 9:30 alasiri

Hapo umeshajijibu, mimi naweka nukta tu.

Mstari wako unamwambia swichi: "njia ya jumla iko VLAN 99". Hukumwambia ampe nani. VLAN ni mtaa, si mtu. Kwa hiyo swichi ikaelewa kwamba dunia nzima inaishi mtaa wa VLAN 99, yaani kila anwani ya intaneti ni jirani wa mlango wa pili. Mwanafunzi akifungua ukurasa ulioko 157.240 kitu, swichi inapiga kelele VLAN 99: "wewe 157.240 kitu, MAC yako ni ipi?" Ilitakiwa pawe kimya. Ila ruta yako imewashwa tabia ya kuwajibia wasiokuwepo, kwa hiyo inasema "ndiye mimi". Swichi inashukuru, inaandika mstari mmoja wa ARP, na mstari mmoja wa /32 (wa anwani hiyo moja tu) kwenye chipu. Ukurasa mmoja wa siku hizi unaita anwani kumi, ishirini. Simu mia tano, kutwa. Na kwenye Cisco mstari wa ARP unakaa saa 4 kabla haujafutwa.

Kwa hiyo asubuhi viti vipo tele, saa nne vinaelekea kujaa, saa sita hamna. Anayekuja baada ya hapo hana kiti, paketi zake zinapanda kwa CPU. Kurasa zinazofunguka upesi ni za anwani zilizowahi viti asubuhi, zinazozunguka ni za waliochelewa. Seva yako haijadhurika kwa sababu mstari wake uliandikwa mapema. Kama ungeiwasha upya saa hii ingepona mpaka kesho saa sita, na ungeapa kwamba ni joto la mchana. Nimeshamwona mtu anaweka feni.

Kosa hili lilikuwepo tangu siku ya kwanza. Lilifichwa na lile la templeti, maana kila kitu kilikuwa kwa CPU, hapakuwa na viti vya kujaza.

Dawa, na hii haihitaji kuwasha upya:

`ip route 0.0.0.0 0.0.0.0 10.20.99.1` (weka anwani halisi ya ruta yako)
`no ip route 0.0.0.0 0.0.0.0 Vlan99`
`clear arp-cache`

Anza na huo wa kwanza, ndipo ufute wa zamani, usije ukajikata mwenyewe ukiwa nje. Intaneti nzima sasa itakaa kwenye mstari mmoja wa "sijali" 32, unaoelekeza kwa MAC moja.

---

Mwana_wa_Likoni · Jumatano, saa 11:40 jioni

Salaam kutoka Mombasa. Nimeufuata uzi huu kimyakimya tangu jana, hamkunipa nafasi ya kufanya kazi.

Nataka kuongezea tu kwamba hata wakubwa yamewafika haya. Tarehe 12 Agosti 2014 jedwali la njia za intaneti lilivuka njia 512K za IPv4. Catalyst 6500 na ruta za 7600 zilizokuwa na kadi kubwa zilikuwa na TCAM ya kutosha kubeba zaidi ya hapo, lakini mgao wake wa kawaida ulikuwa 512K kwa IPv4, viti vingine vimewekewa IPv6. Ambaye hakuubadilisha mapema, siku hiyo njia za ziada zilikosa kiti, chombo kikaandika kwenye logi kwamba baadhi zitavushwa kwa programu, na mtandao ukaanza kuyumba kama wa BintiKebo, kurasa hizi sawa, zile la. Dawa nayo ilikuwa ileile: badilisha mgao, washa upya. Tofauti ni kwamba kuwasha upya chombo kinachobeba wateja wa jiji zima si mlinzi na tochi.

Bwana FundiMstaafu, hapo pa 3C1A kuwa 3D1A umenikumbusha mbali.

---

Ras_Kebo · Jumatano, saa 1:15 usiku

Basi la mwisho kutoka kwangu. Kama swichi ya leya 3 inafanya yote haya kwa nanosekunde 28, ile ruta ya VLAN 99 ya kazi gani? Si aiondoe achomeke intaneti kwenye swichi moja kwa moja?

---

FundiMstaafu · Jumatano, saa 1:40 usiku

Ataikosa NAT. Mashine zake zote ni 10.20, lazima mtu azivalishe anwani ya nje na akumbuke nani alivaa ipi. Chipu ya 3560 haijui kazi hiyo. Chipu inafanya mambo machache iliyochongewa, kwa kasi ya ajabu, na nje ya hayo haina la kukusaidia. Ruta inafanya mengi, polepole. Aziache zote mbili.

---

BintiKebo · Alhamisi, saa 8:00 mchana

Nimesubiri ipite saa sita kwanza ndiyo niandike, safari hii sikutaka kushangilia asubuhi.

Sasa hivi 7%/0%. TCAM, mstari ule uliokuwa 6272 sasa unasoma 431. `show ip arp vlan 99` ina mistari miwili, swichi na ruta. Mkuu wa chuo kapita maabara, kaona watu wanafanya kazi, hakusema kitu, kwake hiyo ni pongezi.

Halafu nimeshuka stoo nikafungua lile boksi la pili. Nimeichomeka mezani, hata jina sijaipa. `show sdm prefer`: "desktop vlan".

---

FundiMstaafu · Alhamisi, saa 8:12 mchana

Na hiyo iache hivyohivyo kama utaiweka maabara kwa leya 2 tupu. MAC 12K itakufaa.